Papa alisema ndoa nyingi ni batili, sasa yangu je?

Swali lililonifikia: "Tumsifu Yesu Kristo Padre. Mimi na mume wangu tulifunga ndoa kanisani miaka 13 iliyopita, tuna watoto 4. Yeye ni mvuvi anakaa visiwani, mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba. Tangu mwaka jana harudi nyumbani kama zamani, na nimesikia ana mwanamke kambini. Nilipomuuliza akanionyesha klipu kwenye simu, Papa Fransisko anasema ndoa nyingi za kanisani ni batili, akaniambia na yetu ni batili kwa sababu nilikuwa na mimba na wazee ndo walitulazimisha, kwa hiyo yeye yuko huru. Kwenye jumuiya watu wamegombana kweli, mwenyekiti anasema Papa akisema amesema, mzee mmoja anasema Papa yule alipotoka. Mdogo wangu naye anaishi na mwanaume miaka 9 bila ndoa, anasema Papa huyohuyo alisema hiyo ni ndoa ya kweli. Padre, mimi nimeolewa au sijaolewa? Na katekista ameniambia nisipokee Komunyo mpaka mambo yaishe."

Milele amina, mama. Pole sana. Ujumbe wako niliusoma usiku nikaurudia asubuhi kabla ya Misa, maana kuna maswali kama matatu humo yamefungwa kwenye furushi moja na sikutaka nikujibu harakaharaka halafu ukabaki na mzigo uleule.

Nianze na lile unalotaka kujua kuliko yote. Umeolewa. Leo hii, saa hii unaposoma, wewe ni mke wa huyo bwana na yeye ni mume wako, kwa Kanisa na kwa serikali pia kwa cheti mlichosaini siku ile. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1060, inasema ndoa inapendelewa na sheria, yaani kukiwa na shaka tunaihesabu ni halali mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na kuthibitisha hakufanyiki kwenye simu wala kambini, kunafanyika kwenye mahakama ya Kanisa, ambako na wewe utaitwa na utasikilizwa, mashahidi wataitwa, na atakuwepo mtu ambaye kazi yake ni kuitetea hiyo ndoa, tunamwita mtetezi wa kifungo cha ndoa. Mume wako amejifanya mlalamikaji, shahidi na hakimu kwa mpigo mmoja, hiyo ni kesi ya nyani kuamuliwa na ngedere na haimfungui mtu.

Sasa hiyo klipu. Maneno yale yalisemwa kweli, sitakudanganya. Ilikuwa tarehe 16 Juni 2016, Baba Mtakatifu Fransisko alikuwa Basilika ya Mtakatifu Yohane Laterano kwenye kongamano la kichungaji la jimbo lake la Roma, baada ya hotuba akapokea maswali akawa anajibu papo kwa papo bila karatasi, mlei mmoja akamuuliza kuhusu hali ya ndoa siku hizi ilivyoharibika na vijana wasaidiweje. Papa akaeleza kitu alichokiita utamaduni wa mambo ya muda, kwamba watu hawawezi tena kuwaza jambo la maisha yote, akatoa mfano wa kijana mmoja aliyemaliza chuo kikuu akaenda kwa askofu akamwambia nataka kuwa padre lakini kwa miaka 10 tu. Ndivyo na wanandoa, akasema, wanatamka "ndiyo, kwa maisha yangu yote" ila hawajui wanachosema kwa sababu utamaduni wao ni mwingine, na ndipo akatamka kwamba kwa ajili hiyo sehemu kubwa sana ya ndoa zetu za kisakramenti ni batili.

Kesho yake Vatikani ikatoa maandishi rasmi na lile neno likawa limebadilika, pameandikwa "sehemu" ya ndoa zetu, ile "kubwa sana" haimo. Msemaji wa Vatikani wakati huo, Padre Federico Lombardi, akaeleza kwamba maandishi hayo yalipelekwa kwa Papa mwenyewe na yeye akayakubali. Klipu ya mume wako haina hiyo kesho yake.

Na haina mambo mengine mawili aliyoyasema siku ileile, ambayo mimi nayaona ndo moyo wa jibu lake. La kwanza, alimsimulia mwanamke mmoja wa Buenos Aires aliyemkaripia, kwamba nyinyi mapadre ni wajanja, mnasoma miaka 8 kabla ya kupewa upadre, na bado mambo yakimshinda padre mna njia ya kumruhusu aoe, sisi walei tunaopokea sakramenti ya maisha yote mnatupa mikutano minne basi. La pili, akasema kule Buenos Aires alipokuwa askofu alikataza ndoa za kanisani za harakaharaka, zile ambazo binti ana mimba na wazazi wanataka aibu ifunikwe kabla tumbo halijaonekana, kwa sababu hakuna uhakika kama wale wawili wako huru kweli. Hakuwafukuza, alitaka wasubiri. Akasema wengine walikuja baada ya miaka 2 au 3 na akawaona wanaingia kanisani baba, mama, na mtoto wameshikana mikono.

Hapo nina la kuungama, mama, na nalisema hadharani kwa sababu linahusu hili. Mwaka wangu wa pili wa upadre nilikuwa parokia ya visiwani na kabla ya Pasaka tulifungisha ndoa jozi nyingi siku moja, ndoa za pamoja kama mnavyozijua, watu waliokuwa wanaishi tu wakaamua kurudi kwenye sakramenti, na katikati yao kulikuwa na wachumba wapya wawili watatu ambao wazazi waliona wapitie humohumo gharama zipungue. Mafundisho yalikuwa siku 3, nusu ya wanaume walikuwa wametoka ziwani usiku wanasinzia kwenye mabenchi. Kuna binti mmoja nilimuuliza swali la kwenye fomu, umekuja kwa hiari yako, akamtazama baba yake kwanza ndipo akasema ndiyo. Nikaandika ndiyo. Sikumwita pembeni, sikumtoa baba nje, kulikuwa na foleni na jua linazama na mtumbwi unanisubiri. Ile sura yake nimeibeba miaka yote. Kwa hiyo Papa anaposema watu hawajui wanachosema mbele ya altare, mimi sina mdomo wa kumwambia anazusha, nilikuwepo na kalamu niliishika mimi.

Ila uchungu wa kichungaji ni kitu kimoja na hesabu ni kitu kingine, na hapa nasema msimamo wangu wazi: neno la kwanza, lile la "sehemu kubwa sana", lilikuwa kubwa kuliko ushahidi uliokuwepo na nilifurahi liliporekebishwa. Ridhaa inayotakiwa kwa ndoa sio elimu ya chuo. Kanuni ya 1096 inataka angalau muwe mnajua kwamba ndoa ni ushirika wa kudumu kati ya mwanaume na mwanamke, ulioelekezwa kwenye kupata watoto kwa kushirikiana kimwili, basi, na sheria inachukulia kwamba mtu akishabalehe analijua hilo. Bibi zetu wa Usukumani wasiojua kusoma walilijua hilo vizuri kabisa. Wanasheria wa Kanisa waliohoji yale maneno, kama Edward Peters wa Marekani, hawakuwa maadui wa Papa, walikuwa wanailinda kanuni ileile ya 1060 inayokulinda wewe leo. Na waliomtetea Papa nao walikuwa na hoja, maana Papa Benedikto XVI mwezi Januari 2013, akiongea na majaji wa mahakama ya Rota ya Roma, alishagusa swali la kama kukosa imani kunaweza kuumiza ndoa yenyewe. Kwa hiyo Fransisko hakuwa wa kwanza kusumbuliwa na hili, alilisema tu kwa sauti ya juu zaidi na kwa idadi ambayo hakuna aliyekuwa ameihesabu.

Sasa jumuiya yenu. Mwenyekiti na yule mzee wanaonekana wanapingana lakini ukiangalia vizuri wamekosea mahali pamoja, wote wawili wanaamini sentensi moja ya Papa ndo inaamua ndoa yako. Mwenyekiti anaona imeamua hivyo tutii, mzee anaona imeamua vibaya hivyo tumkatae Papa. Haijaamua kitu. Wakatoliki hatuna mafundisho ya kila neno la Papa kuwa halina kosa. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1870 uliweka masharti yake: awe anatamka kama mchungaji na mwalimu wa Wakristo wote, kwa mamlaka yake ya juu kabisa, jambo la imani au maadili, na analifunga liaminiwe na Kanisa zima. Hicho kitu ni nadra sana, mfano mnaoujua wote ni 1 Novemba 1950 Papa Pius XII alipotangaza Bikira Maria kupalizwa mbinguni mwili na roho. Chini ya hapo kuna barua za kitume, nyosia, katekesi, hotuba, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, hati ya Lumen Gentium namba 25, unatutaka tuzipokee kwa utii wa dini, ila kwa kupima nia yake kutokana na aina ya hati, anavyolirudia jambo, na namna anavyolisema. Maswali na majibu kwenye kongamano, au yale ya kwenye ndege akiongea na waandishi wa habari, yako chini kabisa kwenye ngazi hiyo. Tunayasikiliza kwa heshima kama mtoto anavyomsikiliza baba akiongea sebuleni, lakini baba akiongea sebuleni hajaandika wosia.

Na huyo mzee anayesema Papa alipotoka, naomba asikimbilie hilo neno. Mwambie kisa cha Papa Yohane XXII. Kati ya mwaka 1331 na 1334 alihubiri kwenye mahubiri yake kwamba roho za watakatifu hazimwoni Mungu uso kwa uso mpaka siku ya hukumu ya mwisho. Watu walishtuka, wanateolojia wa Paris wakampinga waziwazi, na yeye kabla hajafa Desemba 1334 akayaondoa maneno yake, na mwaka 1336 Papa aliyemfuata, Benedikto XII, akatamka rasmi fundisho lililo kinyume na mahubiri yale. Papa alikosea akihubiri, watoto wake wakamwambia, Kanisa halikuvunjika na hakuna aliyelazimika kusema yule sio Papa. Hata kabla yake, Paulo alimpinga Petro ana kwa ana kule Antiokia, iko kwenye Wagalatia 2:11. Na huku kwetu Afrika tumeona juzijuzi, Vatikani ilipotoa tamko la baraka la Fiducia Supplicans Desemba 2023, maaskofu wa Afrika kupitia SECAM, umoja wa mabaraza yao, chini ya Kardinali Ambongo wa Kinshasa walisema Januari 2024 kwamba baraka zile kwa watu wa jinsia moja wanaoishi pamoja hazifai kutolewa katika Afrika, lakini Kardinali alipanda ndege akaenda Roma akakaa nao akaongea, na Papa akajua kinachoandikwa. Kutofautiana kunaweza kufanyika namna hiyo, mkiwa mezani, kila mtu anabaki kwenye kiti chake.

Kuna ubishi mwingine ambao sitaki kuupunguza, ule wa waliotalikiana wakaoa tena. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II, kwenye hati yake kuhusu familia, Familiaris Consortio namba 84, alisema hao hawapokei Komunyo isipokuwa wakubali kuishi kama kaka na dada. Mwaka 2016 hati ya Fransisko kuhusu upendo katika familia, Amoris Laetitia, ikatoka, sura ya 8, na tanbihi namba 351 chini ya ukurasa ikasema kwamba katika hali fulani msaada wa Kanisa unaweza kuwa na sakramenti ndani yake. Makardinali wanne, Brandmüller, Burke, Caffarra na Meisner, wakamwandikia maswali matano mwaka huohuo, hawakujibiwa, wakayaweka hadharani Novemba. Maaskofu wa upande wa Buenos Aires wao walitoa mwongozo wa kuangalia kesi moja moja na Papa akawaandikia kwamba hakuna tafsiri nyingine. Hapo watu wema na wenye akili bado wanatofautiana na mimi mwenyewe nimekaa na mapadre wenzangu mpaka usiku hatujamaliza. Lakini angalia, mama, katika ubishi wote huo hakuna upande, hata mmoja, unaosema mwanaume anaweza kumwacha mke wake wa ndoa akachukua mwingine halafu akajitangaza huru. Pande zote zinaanzia kwenye Mathayo 19, alichounganisha Mungu mwanadamu asikitenganishe. Mume wako hana hata mmoja kwenye ugomvi ule aliye upande wake.

Turudi kwake basi, kwa haki, maana kuna kitu kimoja amekisema ambacho siwezi kukipuuza. Amesema wazee waliwalazimisha. Mimba peke yake haibatilishi ndoa, wengi wameoana kwa mimba na wamependana mpaka uzeeni, lakini kulazimishwa ni jambo linalotambulika, kanuni ya 1103, ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa inayotoka nje ya mtu, kiasi kwamba hana pa kukimbilia isipokuwa kukubali, hiyo ni batili kweli. Neno ni "kubwa". Baba kununa au mama kulia sio hofu kubwa kwa kawaida. Baba kutishia kumfukuza kijana, kumnyima urithi wote, au kumkatia panga, hiyo ni stori nyingine. Mahakama ingeuliza: nani alisema nini, mbele ya nani, huyu kijana alikuwa na umri gani, alijaribu kukimbia, alimwambia rafiki yeyote sitaki? Na ingeuliza baada ya harusi aliishije. Mtu aliyelazimishwa mara nyingi anaonyesha mapema, anatoroka mwezi wa kwanza, anakataa tendo la ndoa, anasema kila mahali mimi nilifungwa. Mtu aliyekaa miaka 12 analeta samaki nyumbani, anaitwa baba fulani, anasimama kwenye ubatizo wa watoto 4, halafu anakumbuka kulazimishwa mwezi uleule aliopata mwanamke mwingine, ana mlima wa kupanda mbele ya majaji. Sisemi haiwezekani. Nasema mlima ni wake, aupande yeye, na apande mchana.

Kwa hiyo kama anaamini kweli, mlango uko wazi na usimzuie. Aende kwa paroko, aandike maombi yake, alete cheti cha ndoa, vyeti vya ubatizo, na majina ya mashahidi waliokuwepo wakati ule, wale wazee kama bado wako hai ndo wa kwanza. Tangu 8 Desemba 2015 mabadiliko ya Papa Fransisko yalipoanza kazi, hukumu moja ya kusema ndoa ni batili inatosha kama hakuna aliyekata rufaa, zamani ilikuwa lazima mahakama ya pili ikubaliane, na Papa aliomba huduma hii iwe bure kadiri inavyowezekana. Wewe utaitwa, tafadhali uende, usikatae kwa hasira, sema ukweli wote hata ule unaomsaidia yeye. Na usiogope kuhusu watoto, hili naulizwa kila mara na kina mama wanalia: hata siku mahakama ikisema ndoa ilikuwa batili, watoto waliozaliwa humo wanabaki halali, kanuni ya 1137, hakuna anayegeuka mtoto wa nje.

Upande wa serikali napita haraka. Hukumu ya Kanisa haivunji ndoa serikalini, na Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mwanaume aliye kwenye ndoa ya mke mmoja kufunga ndoa nyingine wakati ile ya kwanza ipo. Akitaka talaka lazima shauri lianzie Baraza la Usuluhishi wa Ndoa ndipo liende mahakamani. Wewe kama hatumi pesa ya matumizi ya watoto usisubiri Kanisa limalize, nenda ustawi wa jamii sasa hivi, hilo sio kukosa imani.

Mdogo wako. Yeye naye hajazua, siku ileile ya Juni 2016 Papa aliongea kuhusu vijijini kaskazini mwa Argentina, watu wanaanza kuishi pamoja, wanazaa, serikalini wanaandikishana mtoto anapoanza shule, kanisani wanafunga wakiwa babu na bibi, kwa sababu wana imani potofu kwamba ndoa ya kanisani inamtisha mwanaume. Akasema katika kuishi kule ameona uaminifu mwingi, na ana hakika ile ni ndoa ya kweli, wana neema ya ndoa kwa sababu ya uaminifu wao. Na haya nayo wengi waliyapinga, mimi nikiwemo kwa sehemu, maana Mkatoliki anatakiwa kufunga ndoa mbele ya padre au shemasi mwenye mamlaka na mashahidi wawili, kanuni ya 1108, na hicho kitu Kanisa halikukiweka kwa kupenda makaratasi, Mtaguso wa Trento ulikiweka mwaka 1563 kwa sababu ndoa za siri zilikuwa zinawaumiza watu, mwanaume anamwapia mmoja chumbani kisha anamwoa mwingine kanisani, na yule wa kwanza hana wa kumshuhudia. Ukifikiria vizuri, mama, wewe leo una cha kushika mkononi kwa sababu ya sheria ile. Mdogo wako hana, siku huyo bwana akiondoka. Serikali ingemsaidia kidogo, kifungo cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinachukulia waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi na wakajulikana hivyo kuwa wana dhana ya ndoa, lakini hiyo dhana inaweza kupingwa.

Ila sehemu ya Papa ninayoikubali moyoni ni hii: usimwambie mdogo wako miaka yake 9 ni takataka. Kama amekuwa mwaminifu, amelea, amemuuguza huyo bwana alipoumwa, Mungu hakuwa amegeuka akatazama Ukerewe. Mwambie hivi, mna karibu kila kitu, bado kitu kimoja. Na muulize kinachowazuia, maana kule Argentina ilikuwa ile imani potofu, huku kwetu mara nyingi ni mahari haijaisha, ng'ombe wamebaki, au wanangoja pesa ya ukumbi na kamati na michango na sare. Kanisa halidai ukumbi. Linataka vyeti vya ubatizo, matangazo, mafundisho, mashahidi wawili na nyinyi wawili mnaotaka, siku ya kawaida baada ya Misa ya asubuhi inatosha kabisa na gauni sio sharti. Kama bwana anakataa kusimama kanisani lakini kwa kweli anamtaka awe mke wake wa maisha, wamwone paroko, kuna njia inaitwa kuiponya ndoa tangu mzizi, kanuni ya 1161, askofu anaweza kuiponya hivyo kama ridhaa yao ipo na inadumu. Hilo paroko wengi wanaliwaza mwishoni, waulize mapema.

Limebaki la Komunyo, na hili limeniuma kuliko klipu. Katekista wako nadhani amechanganya, sio kwamba ana nia mbaya, amesikia "ndoa ina matatizo usipokee" akalibeba hivyohivyo. Wanaozuiliwa ni walioingia kwenye muungano mwingine. Wewe hujaingia kokote. Umeachwa, umebaki mwaminifu, unalala peke yako na watoto 4 na unaamka saa kumi kwenda kuanika dagaa. Familiaris Consortio namba 83 inasema kuhusu mtu kama wewe kwamba hakuna kizuizi cha kupokea sakramenti, na hiyo ni hati ya Yohane Paulo II ambaye yule mzee wa jumuiya bila shaka anamkubali. Amoris Laetitia namba 242 inaongeza kwamba hata waliotalikiana ambao hawakuoa tena watiwe moyo waione Ekaristi kuwa chakula cha kuwashikilia katika hali waliyo nayo, na hiyo ni ya Fransisko ambaye mwenyekiti anamkubali. Watu wote wawili kwenye jumuiya yenu, kwa hati zao wenyewe wanazozipenda, wanakutuma mezani.

Nenda ukaungame kama kuna chuki au maneno mazito uliyoyatoa kwa hasira, kisha Jumapili hii ingia kwenye foleni na wenzako. Katekista usigombane naye, mwonyeshe hizo namba mbili, akiwa bado ana shaka mwende pamoja kwa paroko baada ya Misa ya kwanza, na ubebe nakala ya cheti chako cha ndoa.